Alama ya Tindo

Jumatano jioni, watu wameshanawa na wameanza kula, baba mkwe alitangaza kwamba ameuza lori. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi.

"Jumamosi saa nne anakuja kulichukua," aliongeza. "Yule wa vyuma chakavu."

Kijiko cha mama mkwe kilibaki hewani. Mwanawe wa pekee, mwalimu wa hesabu ambaye mpaka leo hajui tofauti ya spana na koleo, aliacha kutafuna. Mke wa mwalimu alikuwa amempakata binti yao wa miaka mitatu, na yeye ndiye aliyepata la kusema. Alilopata ni swali, na swali lenyewe liliwaudhi wote.

"Baba, moshi wake siku hizi una rangi gani?"

"Watu wana msiba, wewe unauliza rangi ya sanda!" mama mkwe alimkemea.

Lakini lilikuwa swali la kazi. Mkamwana wa nyumba ile alikuwa fundi wa pampu za dizeli, fundi hasa, wa kusifiwa na wenye malori waliokuwa hawamsifu hata mama yao mzazi. Mtaa mzima ulimwita Bi Pampu. Alikuja na jina hilo siku aliyoolewa, na hata mama mkwe alilitumia akiwa na furaha.

Baba mkwe naye aliitwa Sikio. Si kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa hapo pia Mungu hakumbania. Aliitwa hivyo kwa sababu miaka arobaini aliponya injini za dizeli kwa kuzisikiliza. Alikuwa akiwasha injini, anaiacha iungurume taratibu bila mzigo, kisha anaegemeza bisibisi ndefu kwenye chuma na kuuweka mpini wake sikioni. Akishafumba macho, anaizungusha pampu mbele kidogo, nyuma kidogo, hadi mlio ukae anavyotaka. Hapo anakaza boliti, anachukua tindo na nyundo, na kupiga mstari mdogo unaovuka kutoka kwenye pampu hadi kwenye injini, ili fundi yeyote atakayeifungua kesho ajue pampu ilikaa wapi.

Mstari huo ndio uliokuwa sahihi ya fundi. Sikio aliwafundisha mafundi wote wa mji ule sheria moja, nao waliishika kuliko hata walivyoshika ahadi zao kwa wateja: alama ya mwenzio huihamishi mpaka umwambie mwenyewe, ana kwa ana. Fundi mmoja aliwahi kuihamisha kimyakimya, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemwazima hata kamba.

"Moshi ni wa kijivu," Sikio alijibu hatimaye, bila kumtazama mkwewe. "Kilima kinanishinda. Tangu watu waanze kujenga kule juu, kila tripu ya matofali ni aibu. Napanda kwa gia ya kwanza, watoto wa shule wananipita kwa miguu na kunipungia mkono. Injini imezeeka, mwanangu. Na uzee hauna spea."

"Labda ni pampu."

"Wewe mkononi una nyundo, kila kitu unakiona msumari. Si pampu. Mlio wake ni mtamu kuliko siku niliyolinunua. Nimelisikiliza mwenyewe."

Akiwa amelisikiliza mwenyewe, mjadala ulikuwa umefungwa. Alisukuma sahani yake na kwenda kukaa nje.

Bi Pampu hakulala vizuri. Hakuwa akililia lori. Lori ni chuma. Alikuwa akimfikiria baba yake mzazi, aliyeendesha mashine ya kusaga nafaka maisha yake yote, hadi siku wanawe walipomwambia apumzike. Alipumzika kwenye kiti kando ya mlango. Miezi sita baadaye alianza kuuliza leo ni siku gani, na kabla mwaka haujaisha wakamzika. Sasa alimwona Sikio kwenye kiti cha namna hiyohiyo, akisikiliza malori ya watu wengine yakipita. Alimpenda yule mzee, na aliogopa.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akavaa ovaroli, akapanda kwenye lori kabla hajakaribishwa.

"Unaenda wapi?" Sikio aliuliza.

"Kuliaga."

Mzee hakuweza kumshusha mkamwana aliyekuja kuaga. Aliwasha.

Na kweli, likiwa limesimama, lile lori lilikuwa na mlio mtamu. Injini za dizeli za zamani kwa kawaida hugonga kidogo zikiwa zimetulia, ko-ko-ko, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi. Hii haikubisha. Ilinong'ona. Bi Pampu aliweka kiganja juu ya dashibodi, akasikiliza, na akajiambia moyoni kwamba ni tamu mno. Chai ikizidi utamu, unajiuliza nani ametia sukari mara mbili.

Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Kilima kilipoanza, Sikio alikanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikapanda mzunguko, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Kelele ziliongezeka, nguvu hazikuongezeka. Kwenye kioo cha pembeni moshi wa kijivu ulitanda hadi nyumba za nyuma zikapotea, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Gia ya tatu ikashindwa, ya pili ikashindwa. Walifika juu kwa gia ya kwanza, wakipitwa na mwanamke aliyebeba ndoo.

"Umeona?" Sikio alisema kwa uchungu. "Uzee."

Bi Pampu alikuwa ameona, ila hakuona uzee. Injini iliyochoka huwa imechoka wakati wote, chini na juu. Hii ilikuwa nzima ikitulia na mgonjwa ikikimbia, na ugonjwa wa kukimbia una anwani yake.

Mtu asiye wa kazi hii ataelewa hivi. Ukimrushia mwenzio spana akiwa amesimama, unamlenga pale alipo. Akiwa anakimbia, unalenga mbele yake, la sivyo spana itaanguka nyuma ya kisigino. Dizeli ni hivyohivyo. Ikishapulizwa ndani ya silinda haiwaki papo hapo. Inachukua punje ya muda kushika moto, na punje hiyo haipungui sana hata ukiwa na haraka. Pistoni ikienda polepole, unapuliza karibu na kilele. Ikienda mbio, usipopuliza mapema zaidi, moto utashika wakati pistoni imeshageuka na kuondoka, na nguvu yote itaishia kwenye bomba la moshi.

Nani sasa awahishe? Dereva hana muda huo. Kwa hiyo wenye akili zao waliweka, kati ya gia na pampu, kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita advansi, ambayo haina undugu na ile ya mshahara. Ndani yake mna vyuma viwili vizito, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni, vimeshikwa na springi. Injini ikitulia, springi huvishinda nguvu na vyuma hulala. Injini ikikimbia, vyuma hutupwa nje kwa kule kuzungushwa, na vikifunguka huisukuma shafti ya pampu digrii chache mbele. Kadiri mbio zinavyozidi ndivyo dizeli inavyowahi. Hakuna waya wala kompyuta. Bi Pampu alikuwa amevifungua vifaa hivyo mamia ya mara, na bado alivipenda.

"Baba, niruhusu nifungue pampu."

"Lori limeshauzwa."

"Basi ukimkabidhi mtu maiti, si vizuri ujue imekufa kwa ugonjwa gani?"

Sikio alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Fungua. Lakini kesho jioni uwe umelifunga. Nimempa mtu mkono wangu, na mimi nikishatoa mkono siurudishi mfukoni."

Ijumaa asubuhi, mzee akiwa amekwenda sokoni, Bi Pampu alilaza gunia chini, akainama kando ya injini na kuanza kufuta. Ilikuwa na mafuta na vumbi vya miaka. Chini ya uchafu, penye shingo ya pampu, ilitokea alama ya kiwandani, nyembamba na iliyonyooka. Alifuta tena, na karibu yake ikatokea alama ya pili, iliyopigwa kwa tindo. Pampu ilikuwa imekazwa kufuata hii ya pili. Kati ya alama hizo mbili palikuwa na nafasi ya kulaza punje mbili za mchele, kwa upande wa kuchelewesha.

Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Ule mstari ulikuwa na kimkia mwishoni, kwa sababu nyundo ya Sikio ilikuwa na tabia ya kudunda. Bi Pampu alikuwa amejiandaa kukuta springi iliyovunjika, au chuma kilichokwama, kitu ambacho hakuna wa kulaumiwa. Hakujiandaa kumkuta baba mkwe.

Aliifungua pampu na kifaa chake kizima, akaipakia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya jirani, na kwenda nayo kazini kwake. Chumba cha pampu kilikuwa na sakafu ya vigae, dirisha lisilofunguliwa kwa hofu ya vumbi, na mashine kubwa ya kupimia yenye mirija ya kioo. Alifunga pampu kwenye mashine na kuizungusha polepole, mwendo ambao springi zinatakiwa ziwe zimevishika vyuma visisogee. Mshale wa digrii ulisimama kwenye tatu. Springi zilikuwa zimelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Akaongeza mwendo hadi mwisho. Vyuma vilifunguka mpaka ukingoni, digrii nane, kama kiwanda kilivyotaka.

Hapo kisa chote kikamnyookea. Springi zilipolegea, vyuma vilianza kufunguka hata injini ikiwa imetulia, na dizeli ikawahi pasipotakiwa kuwahi. Injini inayowahishwa ikiwa imetulia hugonga kwa nguvu. Sikio akasikia inagonga, akafanya alichofanya miaka arobaini: akairudisha pampu nyuma hadi mlio ukatulia. Na kwa mlio ule wa kutulia alikuwa sahihi kabisa. Ila pampu ikirudishwa nyuma, imerudishwa kwa kila mwendo. Kule juu vyuma vilifika mwisho wake uleule wa nane, na kwa kuwa mzee alikuwa ameshatoa tano mwanzoni, injini ilipanda kilima ikiwa na tatu tu. Alipokuwa akibeba matofali kwenye tambarare, hakuna aliyejua. Kilima ndicho kilichotoa siri.

Tiba ilikuwa nyepesi: springi mpya, ambazo alikuwa nazo kwenye droo, na pampu irudi kwenye alama ya kiwandani. Kazi ya saa mbili. Uzito ulikuwa kwingine. Angeweza kunyamaza, akafunga, akasema ni springi tu. Lakini Sikio angewasha na kusikia tofauti kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Na sheria ya alama ilikuwa yake yeye mwenyewe. Kumvunjia mzee sheria yake ili kumsitiri kungekuwa kumvua nguo mara mbili.

Alimpigia simu mama mkwe.

"Mama, kosa ni la Baba. Nimwambieje?"

"Mwambie kama unavyowaambia wateja wako."

"Wateja siishi nao."

Mama mkwe alicheka. "Mwanangu, nimemwambia miaka thelathini na nane kwamba anakoroma. Hajakubali hata siku moja. Usimwambie. Mwonyeshe. Namleta."

Na kweli alimleta, amemshika kiwiko kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Sikio hakupenda chumba kile. Alikiita wodi. Alinawa mikono mlangoni kwa kunung'unika, kwamba tangu lini fundi akanawa kabla ya kazi, na akasimama mbele ya mashine amefunga mikono nyuma.

"Baba, miwani nimeisahau nyumbani," Bi Pampu alisema, na ilikuwa imejaa tele mfukoni mwa ovaroli. "Nisomee mshale."

Alizungusha polepole.

"Tatu," Sikio alisoma.

"Na mwendo huu inatakiwa ngapi?"

"Sifuri. Kila mtu anajua." Akasogeza uso karibu. "Tatu?"

Bi Pampu alipandisha mwendo, mashine ikavuma, vigae vikatetemeka.

"Nane," mzee alisema. "Hapo ni sawa. Hapo ni nzima." Bi Pampu alimwona akifumba macho, na midomo yake ikicheza kidogo, kama mwanafunzi anayejumlisha kwa siri. Mama mkwe alifungua mdomo. Mkwewe akamtikisia kichwa, akaufunga, jambo ambalo watu wa nyumba ile wangeliweka kwenye kalenda.

"Nilirudisha tano," Sikio alisema mwishowe.

"Ndiyo, Baba."

"Umeiona alama."

"Nimeiona. Sijaigusa. Nimekuita nikuambie ana kwa ana."

Sikio alivuta stuli, akakaa. Bi Pampu alizima mashine. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, au kwa ule ukimya wa wazee unaozidi hasira. Mzee alikuwa akijikuna kidevu.

"Kwa hiyo miaka yote hii naisikiliza injini ikiwa imekaa," alisema. "Na lori halifanyi kazi likiwa limekaa. Nani anabeba matofali akiwa amekaa?" Alitikisa kichwa. "Na watu wananiita Sikio."

"Mganga hajigangi, mume wangu," mama mkwe alisema, kwa upole asiokuwa nao kila siku.

"Lakini kuna kitu sijakielewa, Baba," Bi Pampu alisema. "Springi ziliwahisha tatu. Ungerudisha tatu, mlio ungekaa. Kwa nini tano?"

Sikio alitazama vigae. Alionekana kuona haya zaidi ya alivyoona kwa kosa lenyewe.

"Tatu zilikuwa za injini," alisema. "Mbili zilikuwa za mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyu wako. Alikuwa na siku tisa. Lori linalala chini ya dirisha lenu, na alfajiri likaanza kugonga vile, gang-gang-gang, kama fundi bati. Kila nikiwasha, mtoto anashtuka na kulia. Na wewe unalia." Alimtazama kidogo, akaondoa macho. "Ukuta ule ni mwembamba. Nilikuwa nakusikia. Hujalala usiku kucha, ndiyo kwanza mtoto amesinzia, halafu baba mkwe anakuja na gari lake. Nikasema hapana. Nikairudisha mpaka ikanong'ona. Nikasema nikipata nafasi nitaiangalia vizuri. Halafu nikauzoea ule mlio. Nikaupenda."

Bi Pampu alizikumbuka siku zile. Alikumbuka maziwa yaliyokataa kutoka, mshono uliouma, na mtoto aliyeufanya usiku kuwa mchana. Alikumbuka pia kwamba ghafla, wiki ya pili, alfajiri zilianza kuwa tulivu, na yeye na mtoto wakalala hadi jua linachomoza. Siku zote aliamini ni mtoto aliyeanza kukua. Alimshukuru Mungu, alimshukuru na muuguzi. Haikumpitikia hata mara moja kwamba chini ya dirisha alikuwapo mtu aliyepiga magoti gizani na spana, akiichelewesha injini yake mwenyewe ili yeye apate usingizi.

Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. "Asante, Baba," alisema.

"Asante ya nini? Nimeua lori."

"Halijafa."

"Basi hamisha," Sikio alisema, akainuka na kujipangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi. "Nimeambiwa, na nimekubali. Hamisha alama. Weka ya kiwanda."

"Utahamisha mwenyewe. Ni yako."

"Thubutu! Mimi nikishika ile pampu, mkono utairudisha tena. Naujua mkono wangu. Wewe funga, mimi nitashika taa."

Jioni ile walifunga pampu pamoja uani, na Sikio alishika taa ingawa jua lilikuwa bado. Springi mpya zilikuwa ngumu mkononi, zikirudi zenyewe kila ukizibana. Bi Pampu aliikaza pampu kwenye alama ya kiwandani, akatoa hewa kwenye mabomba, akampa mzee ishara. Injini ilikohoa mara mbili, ikawaka.

Ko-ko-ko-ko.

Sikio aliukunja uso kama aliyeuma ndimu. Alishuka, akazunguka mbele, na mkono wake wa kulia ukaanza kujongea wenyewe kuelekea boliti za pampu.

"Baba."

"Najua, najua." Aliurudisha mkono nyuma na kuushikilia kwa ule wa kushoto.

"Sasa panda ukanyage."

Alikanyaga. Mwendo ulipopanda, ule ubishi wa kugonga uliyeyuka, na sauti ikakusanyika, nzito na safi, bila moshi. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko. Sikio alikanyaga tena, akaachia, akakanyaga, na kila mara kichwa chake kiliinamia upande mmoja. Alikuwa na sura ya mtu aliyesikia jirani wa siku zote akiimba, na kumbe ana sauti.

Furaha ilikuwa kubwa, na ilidumu kama dakika tano. Kisha mzee alizima injini, akakaa kwenye ngazi ya lori.

"Kesho saa nne," alisema. "Nilimpa mkono."

Hilo walikuwa wamelisahau wote. Mwalimu, aliyetoka ndani baada ya kazi kwisha kama ilivyo desturi yake, alishauri mzee aseme ameghairi. Sikio alitikisa kichwa. Mtu aliyemnyima fundi mwenzake kamba kwa ajili ya mstari wa tindo hawezi kuurudisha mkono wake mwenyewe mfukoni, na wote walilijua hilo.

Jumamosi mnunuzi alifika mapema, saa tatu na nusu, na winchi, minyororo na vijana wawili wa kubeba. Alikuwa mtu mnene mwenye heshima, aliyevua kofia kwa kila mtu hadi kwa mtoto. Sikio alimkaribisha kiti, akamweleza ukweli wote, tangu springi hadi alama, bila kujificha nyuma ya neno lolote.

"Kwa hiyo lori ni zima," mnunuzi alisema, na macho yake yakang'aa. "Mzee, hiyo ni habari njema kwangu. Tulishapeana mkono."

"Tulipeana," Sikio alikubali. Alitoa funguo mfukoni.

Bi Pampu alikuwa ameliponya ili liondoke likiwa zima.

"Ngojeni kidogo," mama mkwe alisema. "Mwanangu wa vyuma, mlipopeana mkono ulisema unanunua nini?"

"Lori, mama."

"Mume wangu, alisema lori?"

Sikio alifikiri. Alikuwa mtu wa ukweli, hata ukweli ulipomfaa. "Alisema chakavu. Alisema, 'Nitachukua chuma chote kwa kilo.' Alilizunguka akakadiria tani nne na ushee."

"Ni kweli nilisema hivyo," mnunuzi alikiri, akijifuta jasho. "Nanunua kwa kilo. Mimi si mfanyabiashara wa magari."

"Basi njoo," mama mkwe alisema, akamshika mkono.

Alimpeleka nyuma ya nyumba. Huko, chini ya mabati na magugu, lilikuwapo kaburi la kazi ya miaka arobaini: bloku za injini zilizopasuka, krenki zilizokatika, magiaboksi, madifu, ringi za magurudumu, yote ambayo Sikio aliyaweka kwa sababu "huenda yakafaa", na ambayo mkewe aliyachukia kuliko panya. Alikuwa akiitaka sehemu ile apande mboga tangu mwalimu akiwa hajaanza kutembea. Mnunuzi alisimama, akavua kofia tena, safari hii kwa heshima ya rundo.

"Hizi ni zaidi ya tani nne," alisema.

"Mkono ni mkono," mama mkwe alisema. "Ulitaka chuma chakavu kwa kilo. Chukua kilo zako, na zinazozidi ni zawadi."

Sikio alifungua mdomo kutetea krenki moja aliyokuwa akiipenda. Mkewe alimtazama. Aliufunga. Mnunuzi aligeuka, akatazama lori, akatazama rundo, akamtazama mzee aliyekuwa ameshika funguo kwa mikono miwili. Kisha akacheka hadi tumbo likatikisika, na kuwaita vijana wake na minyororo.

Walibeba hadi alasiri. Mama mkwe alisimamia mwenyewe, asiache hata nati.

Jumatatu alfajiri, Bi Pampu aliamshwa na mlio chini ya dirisha. Ko-ko-ko-ko, kioo kikatetemeka kwenye fremu, na chumba cha pili mama mkwe akapaza sauti kwamba sasa mtaa mzima umeamka, asante sana. Mwalimu alijifunika mto kichwani. Mtoto aliketi katikati ya kitanda, nywele zimesimama, akawa anaamua kama alie au asilie.

Lori lilitoka uani na kushika barabara. Wakalisikia likipita penye kona, likianza kilima, likipanda kwa gia ya tatu, na kugonga kukaisha.

"Mama," mtoto aliuliza, "Babu anaenda wapi?"

"Kazini," Bi Pampu alisema. "Babu anaenda kazini."